Ndege ya nyuzi: namna ya kuijenga na kuipindua hewani, kuanzia foma ya friji mpaka nane ya kulala

Assalaam aleykum jamani. Nadhani wengi wetu tuliokulia Unguja na Pemba tumerusha tiara, na kila aliyerusha tiara anajua kitu kimoja bila kufundishwa na mtu, uzi ukikaza tiara iko hai, uzi ukilegea tiara imekufa, hata kama bado iko juu. Basi shikeni hilo hilo maana mwongozo wote huu umesimama hapo. Ndege nnayoizungumzia haina rimoti wala setelaiti, ina nyuzi mbili tu za mita 16 hivi, wee umesimama katikati ya uwanja na mpini mkononi, ndege inakuzunguka kinyume na saa, ukilaza mpini kwa nyuma inapanda, ukiulaza mbele inashuka. Na kwa hizo amri mbili tu, panda na shuka, watu wanapiga lupu (duara la kusimama angani), wanapita chali, wanachora nane na pembe nne angani. Mkono unaihisi ndege moja kwa moja na hiyo raha rimoti haikupi, mie nimeshajaribu zote mbili.

Hii kitu si ngeni duniani. Oba St. Clair wa Oregon kule Marekani alikuwa anarusha ndege za nyuzi tangu miaka ya 1930, halafu Jim Walker wa huko huko Oregon ndo akaipa umaarufu miaka ya 1940 kwa jina la U-Control. Leo ni mchezo wa mashindano ya kimataifa, wa kupindua ndege unaitwa F2B, nyuzi baina ya mita 15 na 21.5, unapewa dakika 7 umalize michoro yote na ndege ikiwa inakwenda bapa inatakiwa iwe mita 1.5 tu kutoka chini. Mita moja na nusu yakhe! Urefu wa kifua cha mtu.

Sasa kabla hujakata hata foma, hesabu kidogo. Ndege ntakayokupa hapa ina uzito wa gramu 700 hivi, inakwenda kama mita 21 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja wa mita 100 unaisha chini ya sekunde 5. Uzito zidisha mwendo mara mwendo, gawa kwa urefu wa nyuzi, unapata nyutoni 19 na ushei, ambayo mkononi ni karibu kilo 2. Kilo mbili za sukari zinakuvuta mkono muda wote, hiyo ndo afya ya ndege. Mwendo ukipungua nusu mvuto unapungua mara nne unabaki na nusu kilo, na hapo upepo ukiisukuma ndege kuja ndani kwako huna amri tena, unapiga mpini na hakuna kinachotokea. Kila ntakachokwambia chini huko, uzito wa ncha ya bawa, mota kugeuzwa nje, kusubiri upepo, vyote vinalinda hizo kilo 2.

Vitu vya kutafuta

Balsa, ile mbao nyepesi sana ya kujengea ndege hizi, huku hamna na usiisubiri. Bawa tunatumia foma nyeupe ile inayofungiwa friji na televisheni, nenda maduka ya vifaa vya umeme Darajani au Mwanakwerekwe waombe wanakupa, wengine wanakushukuru kuwaondoshea. Chagua ile yenye chembe ndogo ndogo zilizoshikana, yenye chembe kubwa inapukutika. Bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, ni mbao nyepesi iliyokauka sawasawa, msufi unafaa sana, mwambie fundi seremala akuparazie unene wa sentimita moja. Halafu plaiwudi ya milimita 3 kipande, fito mbili za mbao za milimita 5 kwa 5, mwanzi mkavu, spoku mbili za baiskeli, waya wa gia ya baiskeli (sio wa breki, wa breki mnene), karatasi ya kaki, gundi nyeupe ya seremala, epoksi, na kandambili kuukuu kwa ajili ya magurudumu, hizo kila mtoto wa kwetu anajua kuzikata.

Cha kuagiza au kutuma mtu Dar ni umeme tu: mota isiyo na brashi ya kiasi cha kv (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) 1000 hadi 1100 ya kubeba wati 250, spidi kontrola (kifaa cha kuongoza mwendo wa mota) ya ampea 30 yenye gavana, propela ya inchi 10 kwa 5, betri ya lipo ya seli 3 ya mAh 1800, na taima. Gavana usiidharau, ndo inayofanya mota izunguke mwendo ule ule betri ikiwa imejaa au imeshuka, ndege ikipanda au ikishuka, bila hiyo kila lupu itakuwa na mwendo wake. Taima maalumu zipo, lakini kijana yeyote anayejua Arduino Nano, kile kibodi kidogo cha kompyuta, anakuandikia: subiri sekunde 30, panda taratibu, zunguka dakika 4, zima. Anapoijaribu propela iwe imetolewa, kila mara, hata kama ni "mara hii tu".

Injini za mafuta zipo na zina utamu wake ila methanoli na mafuta ya nyonyo ya kuchanganyia kuvipata hapa ni shughuli, kwa ndege ya mwanzo nenda na umeme.

Bawa

Hapa usiharakishe. Urefu wote mita 1, upana sentimita 22 toka mwanzo mpaka mwisho, halichongoki, na unene sentimita 3.5 pahala penye mnene. Umbo la ubavuni liwe sawa juu na chini, sio bapa chini kama ndege ya abiria, kwa sababu hii ndege nusu ya maisha yake itakuwa chali na inatakiwa iruke chali sawa na inavyoruka wima.

Chonga violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo hilo, visugue kwa msasa mpaka kidole hakisikii kitu, manake kila kijikorongo kwenye kiolezo kinahamia kwenye bawa zima. Vibandike ncha mbili za bonge la foma. Halafu tengeneza upinde wa mwanzi, badala ya uzi weka waya wa nikromu, ule wa hita mbovu, ufunge kwenye betri ya pikipiki ya volti 12 (usithubutu kuuchomeka ukutani, umeme wa nyumbani unaua), uwe nje penye hewa kwa sababu moshi wake mbaya. Nyie wawili mmoja kila upande mnavuta upinde taratibu juu ya violezo mkihesabiana kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili mfike pamoja. Foma ikiyeyuka mfereji mpana moto umezidi, ongeza urefu wa waya. Waya ukiburura na kupinda moto mdogo.

Kata mabawa mawili, la kushoto sentimita 51 na la kulia 49. Ndio, hayalingani, na sikukosea. La kushoto ni la ndani, upande wako, linakwenda duara dogo kwa hiyo mwendo wake mdogo kidogo na linabeba nyuzi, ukiyafanya sawa ndege italalia ndani na nyuzi zitalegea. Chimba mfereji juu na chini pahala penye unene mkubwa, zamisha zile fito mbili kwa gundi nyeupe. Angalia gundi: supaglu inaila foma kama chumvi kwenye maji, na hizi gundi za viatu pia nyingi zinaila, jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza.

Kuvika: karatasi ya kaki, gundi nyeupe ichanganye na maji nusu kwa nusu, lowesha karatasi, ilaze, ipanguse na mkono kutoka katikati kwenda nje, juu na chini siku moja, la sivyo upande ulio peke yake ukikauka unalivuta bawa linapinda kama upawa. Liache juu ya meza iliyonyooka na vitabu juu yake mpaka kesho. Ikikauka inalia ukiigonga kama dufu. Bawa zima likizidi gramu 190 gundi umezidisha.

Roho ya ndege

Kile kipande cha kugeuza mvuto wa nyuzi kuwa amri ya mkia wenyewe wanakiita belikranki. Ni pembe tatu ndogo, ikate kwenye ubao wa plastiki mgumu wa kukatia nyama au fiba ya saketi bodi nene, matundu mawili ya nyuzi yapishane milimita 75, na mkono wa tatu wa kusukuma uwe milimita 20. Inazunguka kwenye bolti ya milimita 3 yenye kibomba cha shaba, bolti inapita plaiwudi iliyobanwa na epoksi baina ya zile fito mbili, nati mbili juu na tone la epoksi. Ikichomoka hii ndege inaondoka na nyuzi zinabaki kwako.

Waya wa gia ya baiskeli unatoka kwenye belikranki ndani ya bawa la kushoto mpaka nje kwenye ncha. Pale nchani weka kijipande cha plaiwudi chenye matundu mengi ili uweze kusogeza nyaya mbele na nyuma, utakuja kunishukuru. Anza na usawa wa sentimita moja na nusu nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa bapa ukiishika kwa vidole.

Mkia: ubao wa milimita 5 au foma ngumu, sentimita 40 kwa 12, nusu ya nyuma ndo eleveta inayochezacheza. Bawaba zishone kwa uzi wa nailoni mshono wa nane, juu chini juu chini, ni ya zamani lakini hakuna inayoshinda kwa ulaini. Fimbo ya kusukuma, ile inayotoka kwenye belikranki kwenda kwenye eleveta, ni mwanzi mwembamba uliofungwa spoku kila ncha kwa uzi na epoksi, ipite kwenye kipete katikati ili isibonyee, ikibonyea unatoa amri nusu inafika. Eleveta icheze digrii 30 juu na 30 chini na isikwame hata kidogo: ukiishika ndege bapa eleveta ishuke yenyewe kwa uzito wake.

Ndege kubwa za mashindano zina flapu nyuma ya bawa zinazokwenda kinyume na eleveta, eleveta ikipanda flapu inashuka, bawa linapata nguvu ya kupiga kona kali. Ndege iitwayo Nobler ya Mmarekani George Aldrich ya 1952 ndo iliyowaonesha wengi utamu wa mpango huo. Ndege ya mwanzo acha flapu, ya pili weka.

Kuunganisha hakuna maajabu, bawa linapita kwenye tundu la bodi, mkia nyuma, vipimo vya pembeni viwe sawasawa (pima kwa uzi kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya mkia, kushoto na kulia), epoksi, subiri. Mota ifunge na washa moja nyembamba (kile kiduara cha chuma kinachowekwa chini ya nati) nyuma ya mguu wake wa kushoto ili itazame nje digrii 2 hivi. Usukani wa wima, kile kibao kinachosimama juu ya mkia, nao ukunje kidogo kulia. Ncha ya bawa la kulia zamisha risasi za uvuvi gramu 20. Halafu sogeza betri mpaka ndege ikishikwa kwa vidole viwili sentimita 4.5 kutoka ukingo wa mbele wa bawa ikae bapa, ikitazama chini kidogo ni sawa, ikilalia mkia usirushe kabisa.

Nyuzi na mpini

Hapa ndo nilipopoteza ndege yangu ya kwanza. Nilichukua mshipi wa kuvulia wa nailoni, ule mmoja wa kung'aa, nikaona una nguvu za kubeba kolekole utashindwaje na ndege. Unavutika kama mpira! Nnapiga mpini, mshipi unarefuka, mkia unasikia baadaye, mzunguko wa tatu ndege ikaingia mchangani na kazi ya wiki tatu. Nililia moyoni wallahi. Kwa hiyo tumia mshipi wa kusuka, ule mkavu usiovutika, wa kilo 30 na zaidi, au bora kabisa waya wa chuma cha pua wa kusuka wa milimita 0.3 hadi 0.38. Nyuzi zote mbili urefu mmoja kamili, mita 16 kutoka mpini mpaka katikati ya ndege.

Mpini mbao ngumu, nyuzi zipishane sentimita 10, na kamba ya mkononi kama tasbihi ya kufungwa kifundoni, hiyo lazima. Mpini ukiteleza ndege ya gramu 700 na propela inayozunguka inaruka kwa watu.

Na kabla ya kila siku ya kurusha, mtihani wa mvuto: ndege ishikwe imara, vuta mpini kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wake, hapa kilo 7. Mie natundika ndoo yenye lita 8 za maji kwenye mpini nyuzi zikiwa zimepita juu ya tawi la mwembe. Kama kuna fundo bovu acha liteleze hapo.

Uwanja na upepo

Uwanja wa mpira wa skuli unatosha, muombe mwalimu mkuu na umpe habari sheha, watu wakiona kitu kinalia na kuzunguka wanakuja mbio. Chora duara la mita 16 kutoka katikati, halafu jengine la mita 25 kutoka hapo hapo katikati, na nje ya hilo la pili ndo watu wanasimama, hasa watoto. Pwani ya mashariki maji yakikupwa, Paje mpaka Jambiani, kuna uwanja mkubwa usio na mnazi hata mmoja, lakini wakati wa wacheza kaiti kaa nao mbali, na chumvi utaiosha. Karibu na nyaya za umeme usirushe kabisa, mie naacha mita 100 na zaidi, nyuzi zako ni chuma na mkono wako umeshika upande wa pili. Mawingu ya radi masika yakijikusanya kunja vitu nenda nyumbani.

Upepo wa kujifunzia ni asubuhi na mapema kusi haijaamka. Kusi ikishaanza kuvuma mchana na mikono bado migeni, kaa. Tuseme upepo unatoka kusi kabisa: ndege iweke mashariki yako, mwenzako anaishika, ikiachiwa inaelekea kaskazini upepo ukiwa mkiani, na inapokwea tu inafika upande ambao upepo unaisukuma nje, mbali na wewe, nyuzi zinakaza zenyewe. Wengi wanaiachia uso kwa uso na upepo kama ndege ya kweli, inanyanyuka, robo mzunguko baadaye upepo unaileta ndani nyuzi zinalegea.

Kabla ya kuachia: laza mpini nyuma, muulize mwenzako kwa sauti "imepanda?" aone eleveta imeinuka na aseme ndio. Nyuzi zikifungwa kinyume huna sekunde ya kufikiri.

Kurusha mpaka nane

Siku ya kwanza bapa tu. Mkono unyooke, tumia bega na kiwiko, kifundo kitulie, wageni wote wanapiga kifundo na ndege inakwenda kama mawimbi. Macho kwenye ndege, ukitazama minazi inayopita nyuma yake unasikia kizunguzungu, na ukisikia kizunguzungu usikae chini, endelea kuitazama ndege mpaka taima izime. Rusha mara tano sita hivyo, kisha ipandishe na kuishusha polepole.

Zoezi la kuokoa nyuzi lifanye mapema kabla ya lupu. Ukihisi mkono umepungua uzito rudi nyuma mbio, hatua tatu nne, ukiuvuta mpini kifuani. Fanya mpaka miguu ifanye yenyewe, kwa sababu wakati wenyewe ukifika akili haiwahi.

Lupu: mgongo wako uwe kwenye upepo, michoro yote hufanywa ndege ikiwa upande unakokwenda upepo. Ndege ikiwa mita mbili hivi juu, laza mpini nyuma kidogo na ushikilie hapo hapo, usiongeze usipunguze, duara inajichora wenyewe, juu yake iwe usawa wa digrii 45 kutoka ulipo. Watu wanaogopa katikati wanaachia ndege ikiwa chali, hapo ndo inakufa. Ukianza malizia. Kila lupu inazisokota nyuzi mara moja, baada ya tatu simama, utakuja kuzifungua kwa lupu za kinyume.

Chali ndo mlima wenyewe. Amri zinageuka, uliyozoea kuiita panda sasa inaishusha. Mie nilivuka kwa kuacha kufikiri panda na shuka, nikawa najiuliza tumbo la ndege liko wapi, nikitaka iende upande wa tumbo nalaza mpini mbele, basi, iwe wima au chali jibu ni moja. Ingia kwa nusu lupu ukiwa juu juu, mita 8 hivi, zunguka mzunguko mmoja, toka kwa nusu lupu. Usiingie chini.

Ukishakuwa na lupu ya ndani na ya nje, nane ya kulala unayo, ni lupu moja ya ndani, ukifika katikati ndege inatazama chini wima, unageuza mpini, lupu ya nje. Uzuri wake ni ile njia panda ya katikati, ipite pahala pale pale kila mara, tafuta alama, ncha ya mnara wa msikiti au mnazi mmoja mrefu, uivizie hapo. Na nane inasokota na kusokotoa nyuzi yenyewe kwa hiyo unaweza kuipiga hata mara kumi. Pembe nne, pembe tatu, saa ya mchanga, nane za kichwani na ua la petali nne vinafuata, na vyote ni vipande vya hivi hivi ila kona zinakuwa kali. Za kichwani ziache za mwisho kabisa, huko juu uzito wa ndege unaivuta kuja kwako na hizo kilo 2 zinapungua.

Ndege ikilalia nje na kuvuta nyuzi sana, punguza gramu 5 nchani. Ikilala ndani kwenye kona ongeza. Badilisha kitu kimoja tu kisha rusha tena, ukibadilisha viwili hujui kipi kimekusaidia.

Nyuzi zipitishe kwenye kitambaa cha maji baridi, kausha, zikunje kwenye kibao cha duara sio mkononi, ukizikunja mkononi zinapinda vijikona na pale kwenye kikona ndo zinakatika. Mota ikipata mchanga wa pwani ioshe maji matamu siku ile ile. Betri usiiache imejaa, iwe volti 3.8 kila seli, na kuchaji chajia nje juu ya kigae ukiwepo mwenyewe, na ikivimba itoe kwenye kazi hata kama bado inazungusha.